Diski Isiyozunguka

Nyumbani kwao walimwita Injinia, na jina hilo alilipata kwa kuzima simu na kuiwasha tena. Simu yenyewe ilikuwa ya shangazi yao. Iliganda siku ambayo ukoo wote umejaa sebuleni, kila mtu akaibonyeza kwa zamu mpaka akachoka, ndipo yeye akaichukua, akaizima, akasubiri kidogo, akaiwasha. Ikaamka. Shangazi akasema huyu si mhazili, huyu ni injinia. Watu wakacheka, na tangu siku hiyo kilichoganda kikawa ni jina.

Kwa kweli alikuwa mhazili, tena mhazili hodari. Ofisi yao ilikuwa ya mkandarasi wa majengo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae, na meza yake ilikaa mlangoni kwa mkurugenzi kiasi kwamba hakuna aliyepita bila kumsalimu yeye kwanza. Alichapa zabuni, mikataba na mihtasari ya vikao. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na jedwali lililowashinda wengine lilitulia likifika kwake. Lakini yaliyomo ndani ya kompyuta aliyajua kama mtu anavyoyajua matumbo yake mwenyewe: alijua yapo, na alijua yakiuma. Mashine ikigoma, aliinua simu na kumwita fundi wa ofisi, bwana mmoja mnene aliyeweka bisibisi mfukoni mwa shati, pale wenzake wanapoweka kalamu. Ofisini hilo halikuwa siri wala aibu. Ilikuwa nyumbani tu ndiko alikojua kila kitu.

Binamu akitaka kununua simu, alimuuliza Injinia. Mjomba akiambiwa na mtoto wake kwamba televisheni inahitaji kitu fulani, alipiga simu kwa Injinia. Naye alijibu, haraka na kwa sauti ya mtu asiyependa kuulizwa mara ya pili. Mara nyingi majibu yake yalikuwa ya kubahatisha, lakini kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mwingine wa kumuuliza, yalishika. Mama yao ndiye aliyezidisha. Kwa majirani alimsifu kana kwamba kompyuta zote za mji zinamngoja bintiye aamke ndipo zifanye kazi. Injinia alisikia akanyamaza. Sifa tamu kuikataa ni kazi, na kadiri siku zilivyopita ilizidi kuwa kazi.

Mdogo wake wa kiume walimwita Redio. Macho yake yaliharibiwa na ugonjwa akiwa bado shule ya msingi, na miezi ya kwanza ya giza aliimaliza ameinamia redio ya mama, mpaka ikawa wakati wa kula anawatangazia habari kwa sauti nzito kama ya mtangazaji mwenyewe. Alipokuwa mtu mzima alipata kazi ya kupokea simu hospitalini. Aliifanya kwa miaka mingi na kuipenda. Aliwatambua madaktari kwa jinsi wanavyovuta pumzi kabla ya kusema halo. Kisha hospitali ikaweka mtambo unaojibu wenyewe, ule unaokwambia ubonyeze moja, ubonyeze mbili, na unga wa Redio ukamwagika. Alirudi nyumbani kwa mama na kiinua mgongo chake, akakiweka, hakukigusa.

Hakukaa bure. Alikwenda kwenye kituo cha wasioona akajifunza kuchapa na kutumia ile programu inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Huko ndiko alikosikia kuna kampuni inayotafuta watu wa kusikiliza vikao na mahojiano yaliyorekodiwa na kuyageuza maandishi. Kazi ya masikio na vidole, akasema, vitu viwili ambavyo Mungu hakumnyima. Ila kila mtu alitakiwa kuwa na kompyuta yake. Ndipo akaamua kukigusa kiinua mgongo.

Siku ya kuzungumza hilo walikaa mezani wawili, mama yuko uani anaanua nguo.

"Dada, usiangalie umbo," Redio akasema. "Usiangalie hata nafasi ya kuhifadhia. Angalia diski. Kuna zile za zamani, zina sahani inayozunguka ndani kama santuri. Na kuna za siku hizi, hazizunguki. Hizo ndizo za kasi. Nataka isiyozunguka, hata kama ni ndogo."

Injinia akauliza kwani haraka ya nini, kuandika ni kuandika.

"Wewe ukibonyeza, unaona," Redio akasema. "Mimi nikibonyeza, nangoja kuambiwa. Mashine ikikawia kusema, naingia gizani mara ya pili."

Injinia akaitikia kwa kichwa, akakumbuka kwamba kichwa hakisikiki, akasema ameelewa. Alikuwa ameelewa nusu. Nusu nyingine alidhani ataielewa dukani.

Redio alitaka waende pamoja. Yeye akamwambia hakuna haja, jua kali, barabara ya madukani imefukuliwa mabomba, watajikwaa bure. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Redio akiingia dukani huwa hana haraka. Hugusa, huuliza, huuliza tena, na watu walio nyuma huanza kuguna. Wauzaji nao humwacha yeye wakamgeukia Injinia: anataka nini huyu, mwambie hivi. Injinia alikuwa akitamani ardhi ipasuke. Na safari hii kulikuwa na jingine. Alijua Redio atamuuliza muuzaji maswali ambayo yeye, Injinia wa ukoo, hata maana yake haijui, na atakuwa amesimama pale pembeni kama mzigo. Kwa hiyo akaenda peke yake, na fedha za mdogo wake ndani ya mkoba.

Duka lilikuwa na kioo kirefu na baridi ya kiyoyozi. Muuzaji, kijana mwenye tai fupi, alimpokea vizuri, akamuuliza anataka ya kazi gani. Akasema ya kuandikia, akaongeza maneno mawili matatu aliyowahi kuyasikia kwa fundi wa ofisini, na aliyaongeza kwa sauti iliyofika mbali. Pembeni kulikuwa na baba mmoja na binti yake aliyekaribia kuanza chuo, nao wanatafuta, na yule baba akageuka kumsikiliza.

Muuzaji akamwekea mbili juu ya kaunta. Moja nyeusi, nene, imekaa kama sanduku la vifaa vya fundi bomba. Nyingine ya rangi ya fedha, pana, kifuniko chake laini kama kisahani. Akaeleza kwamba nyeusi ina diski ya kasi, ila nafasi yake si kubwa. Ya fedha ina nafasi mara nne yake, ila diski ni ya kawaida.

"Sasa dada, unachagua kasi au nafasi?"

Injinia alikuwa akisubiri kusikia neno kuzunguka, na halikutajwa. Lingetosha swali moja: katika hizi mbili, ipi haizunguki? Swali lilimfika kwenye ulimi. Lakini akilisikiliza kichwani aliliona la kuchekesha, kama swali la mtu aliyeshuka mjini asubuhi hiyo. Yule baba bado anamtazama. Injinia akaweka mkono juu ya ile ya fedha, akasema anataka nafasi.

"Sawa, lakini kwa matumizi ya siku hizi, tofauti yake ni kubwa, dada, maana hii..."

"Najua," akasema.

Muuzaji akaanza kuandika risiti. Baba wa pembeni akamwambia binti yake kwamba wao nao wachukue kama ya huyu mama, anaonekana anaelewa.

Alipokuwa kivulini nje, sanduku amelikumbatia, ndipo maneno ya Redio yalipomrudia yote, pamoja na yale aliyoyasikia kwa nusu sikio. Hizo ndizo za kasi. Alikuwa amesema waziwazi. Duka lilikuwa palepale ng'ambo ya mtaro, hatua chache tu, na muuzaji alionekana kupitia kioo akimfungia yule baba laptopu ya pili ya rangi ya fedha. Kurudi maana yake ni kusimama mbele ya watu wale na kusema sikujua. Injinia alikaa pale muda, akalihamisha sanduku kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kisha akajiambia kwamba mashine mpya ni mpya tu, itakuwa na kasi gani zaidi, akaondoka.

Nyumbani, mama aliitazama laptopu akasema inang'aa kama kioo. Redio alikuwa ameketi kwenye kochi, amenyoosha mikono. Injinia akaiwasha, akamwekea mapajani.

"Ni ile isiyozunguka?" Redio akauliza.

"Ndiyo ile."

Ilitoka haraka, kama majibu yake yote. Redio akalaza kiganja pembeni mwa vibonyezo, akainamisha kichwa upande mmoja, vile alivyokuwa akifanya zamani kwenye mkonga wa simu. Akanyamaza. Mama akauliza vipi, imekupendeza?

"Asante, dada," Redio akasema.

Injinia akachukulia kwamba ule ukimya ulikuwa wa furaha.

Wiki zilizofuata alijifunza kuusikia ucheleweji. Chumba cha Redio kilipakana na sebule, na ukutani kulipenya kila kitu: kibonyezo kimoja, kimya, kimya, kisha ile sauti ya programu ikianza kusoma kama mtu aliyeamshwa. Asubuhi Redio aliiwasha halafu akaenda kuoga, na alipotoka bado inajikusanya. Alizoea kusema kwamba bibi harusi anajipamba. Mama akimuuliza Injinia mbona inakawia hivyo, Injinia alijibu kwamba mashine mpya huwa zinajipanga kwanza, baadaye huchangamka. Siku nyingine akasema ni ile programu ya kusoma ndiyo nzito. Mama akaamini, akaenda kuwaeleza majirani. Redio alikuwa akisikiliza tu, na Injinia alipoona anasikiliza, alitafuta kazi jikoni.

Siku ya majaribio alimsindikiza. Ofisi za ile kampuni zilikuwa na zulia la kijivu na madirisha yasiyofunguka. Walioomba walikuwa wachache, kila mmoja na mashine yake, na msimamizi alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alizungumza na Redio mwenyewe, si na Injinia, akamwonyesha kiti kwa kumgusisha mkono kwenye mgongo wa kiti, bila kelele za huruma. Injinia akasimama ukutani na mfuko wa mdogo wake mikononi. Alianza kuwa na matumaini.

Kilichorekodiwa kilikuwa kikao cha ugomvi, watu wanakatizana. Redio alianza vizuri. Vidole vyake vilikwenda kama mvua juu ya mabati, hata mwenzake wa meza ya pili akageuka kumtazama. Tatizo lilikuja pale alipotaka kurudi nyuma kusikia neno alilolikosa. Akabonyeza. Mashine ikakaa kimya. Akabonyeza tena, na tena, kisha yote aliyoyabonyeza yakatekelezwa kwa mpigo, rekodi ikarudi mbali kuliko alivyotaka, na ile sauti ya kumsomea ikaanza kusoma mahali ambapo hapahusiki. Akatafuta mahali pake. Akapapasa. Akangoja. Vidole vyake vilining'inia hewani juu ya vibonyezo, vimejikunja, na chumba kizima kikasikia jinsi visivyofanya kitu. Injinia alitazama zulia.

Muda ulipokwisha, wengine walikuwa wamemaliza. Redio alikuwa hajafika nusu. Msimamizi akasoma alichoandika, akakisoma tena kwa makini.

"Maandishi yako ni safi," akamwambia. "Masikio yako nayataka. Lakini mashine hii, umeiazima?"

"Hapana. Ni mpya."

"Mpya? Nani alikuchagulia diski kama hii?"

Injinia alikuwa karibu mno. Angefungua mdomo tu, kila mtu angesikia. Mfuko wa Redio aliubana kifuani.

"Nilichagua mwenyewe," Redio akasema.

Msimamizi akashusha pumzi. Akasema kazi yao ina saa za mwisho, wateja hawangoji, na kwa hali hii hawezi. Akamtakia heri. Injinia akamshika Redio mkono wakatoka mpaka mtaani. Redio ndiye aliyezungumza. Aliuliza kama mbele kuna ngazi, kisha akafanya mzaha kuhusu wale waliokuwa wakigombana kwenye rekodi, jinsi mmoja wao alivyosikika kama anatafuna karanga. Injinia alicheka mahali pa kucheka. Alijiona mdogo kama punje.

Usiku ule ulipita, na asubuhi akamwomba Redio laptopu, akasema anakwenda kumsafishia. Hata hapo alidanganya. Ofisini alingoja mpaka fundi akaja kuangalia printa, akamwekea ile laptopu mbele. Wahasibu wawili walikuwepo, na mtu wa vipimo aliyekuwa akinywa chai. Alitaka kumvuta fundi koridoni. Akapiga moyo konde, akasema hapohapo.

"Nilimnunulia mdogo wangu, na nimenunua vibaya. Aliniambia anachotaka. Sikukielewa, nikaona aibu kuuliza."

Hakuna aliyecheka. Mtu wa vipimo aliendelea na chai yake. Fundi akaiwasha, akasema ni diski ya sahani, inaweza kutolewa ikawekwa nyingine, si kazi kubwa. Akamwambia alaze kiganja pale pembeni mwa vibonyezo.

Injinia akalaza. Chini ya ngozi yake kulikuwa na mtetemo mwembamba, wa kuendelea, kama pumzi ya paka aliyelala. Na alipotega sikio akausikia pia, mvumo mdogo chini ya kelele za ofisi.

"Ndiyo hiyo inazunguka," fundi akasema. "Ile nyingine ni kimya kabisa, hata useme imezimwa."

"Mtu asiyeona anaweza kuitambua?"

"Asiyeona? Huyo anaijua hata kabla hujamaliza kumpa."

Injinia akakaa juu ya boksi la karatasi lililokuwa karibu. Alikiona kiganja cha Redio siku ile kwenye kochi, na kichwa kilivyoinama. Muda wote ule, kila alipoeleza kwamba mashine inajipanga, kila alipoisingizia programu, alikuwa akimweleza mtu aliyekwisha kuujua uongo wake kwa mkono. Uso ulimwaka. Fundi akadhani ni habari ya gharama, akamwambia asihofu. Diski mpya aliinunua Injinia kwa fedha yake. Fundi akaifunga na kuhamisha kila kitu, na laptopu ilipowaka iliwaka bila kujikusanya na bila sauti.

Hakuirudisha kimyakimya, ingawa alifikiria. Alingoja Jumamosi mchana, mama yuko sebuleni anakunja nguo, Redio yuko kwenye kochi. Alisimama. Alikuwa amepanga maneno mengi, yakampotea.

"Redio, ile laptopu haikuwa na diski uliyoitaka. Nilikudanganya."

"Najua," Redio akasema, bila ukali.

"Tangu uliponiwekea mapajani," akaongeza. "Nilikuuliza, dada. Nilikuuliza nikijua, ili useme. Ukasema ndiyo ile. Ningefanya nini, nikwambie mbele ya mama kwamba unasema uongo? Nikasema kesho atasema mwenyewe. Basi nikawa naingoja hiyo kesho."

Mama alikuwa ameacha kukunja. Shati la Redio lilikuwa limebaki mikononi mwake, mkono mmoja ndani, mmoja nje.

"Na kule kwenye majaribio," Injinia akasema, "kwa nini ulijitwika wewe? Ulikuwa unanifichia?"

"Hapana. Ningependa iwe hivyo, lakini hapana. Niliona aibu. Mtu mzima natafuta kazi, niseme mashine nimechaguliwa na dada? Wangesema huyu hata kununua hawezi."

Hilo ndilo lililomkata Injinia maini zaidi. Alikuwa amejifariji kwamba walau mdogo wake alimhurumia. Kumbe hata ile aibu ya mwisho ni yeye aliyemgawia, naye Redio akaibeba kama yake.

Mama akauliza, taratibu, kama anauliza habari za watu wengine, je, yeye walimwacha peke yake akitangaza mtaani mambo yasiyokuwepo? Akamgeukia Injinia.

"Fedha ile alikuwa haioni. Aliipapasa kwa vidole, akakukabidhi wewe."

Akaokota nguo zilizokunjwa na zisizokunjwa, akaingia nazo chumbani. Kwa siku kadhaa alimwita Injinia kwa jina lake la kuzaliwa, na hakukuwa na kitu kilichomuuma Injinia kama kusikia jina lake mwenyewe.

Redio aliijaribu diski mpya palepale, baada ya mama kuondoka. Alilaza kiganja, akasikiliza, akabonyeza. Sauti ikajibu kabla kidole hakijainuka. Akabonyeza tena, na tena, akikimbizana nayo. Hakusema asante, na Injinia hakutegemea.

Angeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini alitaka kulipa yote kwa mara moja, kwa hiyo Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, akaenda peke yake kwenye ile kampuni, akamwomba msimamizi dakika chache, akamweleza kwamba kosa lilikuwa lake na kwamba mashine sasa imetengenezwa. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema nafasi imeshajazwa. Kisha akamuuliza kama mdogo wake anajua kwamba amekuja.

Hakujua. Injinia alipomweleza jioni ile, Redio alisimama kutoka kitini, jambo ambalo si kawaida yake.

"Umeenda tena bila mimi," akasema. "Umeninunulia bila mimi, na sasa umeniombea kazi bila mimi. Dada, mimi nipo."

Hakupandisha sauti. Alichukua fimbo yake akaenda kukaa uani, na Injinia akabaki anakitazama kiti kilivyoachwa. Alidhani aibu imekwisha pale alipoungama. Sasa aliona kwamba alichoungama kilikuwa kidogo. Diski ilikuwa jambo la siku moja. Hili jingine, la kumpita mdogo wake kama mtu anavyopita kiti, lilikuwa la miaka, na hakuwahi kuliita kwa jina.

Baadaye Redio alikwenda mwenyewe. Hakuomba kusindikizwa. Aliibeba laptopu mgongoni, akafika, akamwambia msimamizi kwamba safari ile hakuchagua mwenyewe, kwamba alisema uongo, na kwamba anaomba kujaribu tena hata kama nafasi hakuna. Msimamizi akampa rekodi ileile ya ugomvi. Alimaliza kabla ya muda. Kazi ya kudumu haikuwepo, ila wakampa rekodi za ziada, zile zinazowazidi wengine mwisho wa mwezi, akawa anazifanyia nyumbani. Zilikuwa chache mwanzoni. Zikaongezeka. Mpaka leo bado si mwajiriwa wao, na akiulizwa husema yeye ni kibarua wa maneno.

Mama alirudia kumwita Injinia, kwa mazoea tu, ila kwa majirani hasifu tena. Binamu nao wakiuliza jambo, Injinia husema hajui, au husema ngoja aulize. Mara ya kwanza kulisema hilo alihisi kama amevuliwa nguo sebuleni. Mara ya pili ilikuwa vilevile. Hajazoea bado.

Mwaka huu Redio alihitaji vipokea sauti vya masikioni, vile vya zamani vilikuwa vimekatika waya. Alikwenda na jirani mmoja kuulizia, hakuvipata, na juma lililofuata akamwambia Injinia kama ana nafasi wafuatane. Akasema hivyo tu, wafuatane, na Injinia alivaa viatu haraka kama mtoto anayeogopa kuachwa.

Dukani Redio alishika kila kimoja. Alikivaa, akakivua, akakikunja, akauliza waya umefungwa wapi, akauliza sponji ikichakaa inabadilishwa vipi, akauliza tena lile la waya. Nyuma yao watu wakajipanga. Mmoja akaguna. Muuzaji akamtazama Injinia juu ya bega la Redio, akamuuliza, "Kwani huyu anataka vya aina gani?"

Ile soni ya zamani ikampanda palepale, na joto lake masikioni, akaona aibu nyingine juu yake kwa kuwa bado inampanda, baada ya yote yaliyopita.

"Muulize yeye," akasema. "Ndiye mnunuzi."

Muuzaji akamgeukia Redio. Redio akaanza upya, kutoka kile cha kwanza, taratibu, na Injinia akasimama pembeni yake, uso unamwaka, akangoja mpaka amalize.